Mkasi wa Bi Arlys

Nilizikuta nyuzi za Kendall kwenye ndoo ya taka ya mama yake, juu ya maganda ya viazi.

Nilikuwa nimeingia jikoni kumsaidia Bi Arlys kupakua chakula, kama anavyofanya msichana aliyelelewa vizuri akialikwa kwa wazazi wa mchumba wake siku ya Jumapili. Nikakanyaga kile kibati cha chini kinachofungua ndoo ili nitupe karatasi iliyofunika nyama, kifuniko kikainuka, nami nikaziona. Nyuzi nyeupe za pamba, nyingi, bado zimeshikana kwa umbo la mkono wa mtu. Ncha zake zilikuwa zimekatwa sawasawa. Hazikufunguliwa. Zilikatwa.

Jana yake tu nyuzi zile zilikuwa zimefungwa moja baada ya nyingine sebuleni kwetu, kubariki uchumba wetu. Mama alitandika mikeka mpaka mlangoni. Walao wote wa mji wetu wa Harmelen, sisi ambao asili yetu ni Laos, walikuja, na jimbo zima la Iowa hakuna mji wenye Walao wachache wanaopiga kelele kama wetu. Wazee walipiga magoti mmoja mmoja mbele yangu na Kendall, wakatupangusa mikono kwa uzi, wakatufunga, wakatutakia mema. Mzae. Msigombane kabla ya kula. Roho zenu zisitangetange, zirudi mwilini, zikae pamoja. Walioshindwa kutufikia walimshika kiwiko aliye mbele yao, ili baraka ipite kwake itufikie sisi.

Mjomba Bounthavy, ambaye mashine ya kiwanda cha batamzinga ilimla vidole viwili, alishindwa kukaza fundo. Akainama akalikaza kwa meno. Hapo Kendall alilia. Nilimwona kwa macho yangu: mwanaume mrefu kama mlango, mabega ya kubebea ndama, anafuta machozi kwa bega la shati kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshikwa na wazee wangu.

Nyuzi hizo hukaa siku tatu, na zaidi ukipenda. Kisha unazifungua kwa vidole, taratibu, au unaziacha zianguke zenyewe. Mkasi hauzigusi. Mama alimweleza Kendall hivyo, akarudia tena asije akasahau, naye akaitikia kama mtoto wa darasa la kwanza: "Mkasi hauzigusi, mama."

Sasa nimesimama kwenye ndoo ya taka.

"Vilay, mpenzi, umepotelea wapi?" Bi Arlys aliniita akiwa kwenye jiko, mgongo kwangu, anakoroga mchuzi. "Lete lile bakuli la jeli ya kijani. Gerrit akikosa jeli yake siku ya Bwana atanuna mpaka Alhamisi."

Niliachia kibati. Kifuniko kikashuka polepole. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na nyuzi mpaka karibu na viwiko, na ghafla niliona kama inawaka.

"Nakuja, Bi Arlys," nikasema.

Lakini kwanza niliingia msalani, nikafunga mlango, nikaegemea sinki. Niliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba. Bwana, ushike ulimi wangu, au uuachie. Usiuache katikati.

*

Mezani tulikuwa wanne. Mzee Gerrit, baba yake Kendall, alikaa kichwani, Biblia kubwa kando ya sahani yake. Kendall alikaa mkabala na mimi, na mikono ya shati lake ilikuwa imefungwa vifungo mpaka kwenye vifundo, joto lile lote la Agosti. Ndiyo maana asubuhi kanisani alikaa kama mtu aliyevunjika mkono. Ndiyo maana mama yake alipopitisha peremende kwenye benchi, kama familia zote za kanisa letu zinavyofanya mahubiri yakianza, Kendall aliipokea kwa ncha za vidole akanipa bila kunitazama.

Mzee Gerrit aliomba. Aliombea mahindi, mvua, wagonjwa, na "binti huyu tunayempokea leo." Tukaitikia amina.

"Kula, Vilay," akasema akinisukumia nyama. "Umekonda kama ufito wa kuvulia samaki. Kendall atakupoteza kwenye shamba la mahindi."

Kendall alicheka. Mimi nilimtazama. Kicheko kikamfia mdomoni. Tulijuana tangu tukiwa wadogo, na macho yangu aliyasoma upesi kuliko kitabu chochote alichowahi kupewa shuleni. Akashusha mikono yake chini ya meza.

"Nina kitu chako," Bi Arlys akasema, akainuka na uso wa furaha. Alirudi na mfuko wa dukani akauweka mapajani mwangu. "Fungua, fungua."

Ilikuwa sweta ya bluu ya mikono mifupi. Bluu ile ile aliyokuwa amevaa yeye, na Mzee Gerrit, na iliyokuwa inamngoja Kendall kwenye mgongo wa kiti chake.

Nikajua mara moja ni ya nini. Alasiri ile mpigapicha alikuwa ukumbini kanisani, anapiga picha za kitabu cha familia. Kila baada ya miaka kadhaa kanisa letu hutoa kitabu hicho, na utotoni mwangu nilikuwa nikikifungua nikiwa nimelala kifudifudi zuliani. Nilizipita familia zote mpaka W. Akina Wieringa, yaani kina Kendall, wamevaa rangi moja, wamesimama kama ngazi. Mimi na Mama hatukuwamo. Mama alikuwa akisema, "Kile ni kitabu cha wenyewe." Hata Baba alipokuwa hai hatukupiga.

Siwezi kudanganya. Niliishika ile sweta, ilikuwa laini na saizi yangu kabisa, na moyo wangu uliitaka. Uliitaka vibaya sana.

"Asante," nikasema, na nilimaanisha.

"Utapendeza mno. Utasimama hapa katikati, kati yangu na Kendall." Bi Arlys akafungua droo ya kabati la vyombo. Alitoa mkasi wake wa kushonea, ule wa mishikio ya rangi ya chungwa ambao hakuna mtu nyumbani mle aliyeruhusiwa kukatia karatasi. "Nyoosha mikono basi, mpenzi. Dakika moja tu."

Niliiacha mikono yangu pale pale, juu ya sweta.

"Kwa nini, Bi Arlys?"

"Hizo kamba. Kwenye picha zitaonekana kama bandeji. Watu watafikiri umetoka hospitali." Akacheka kidogo. Kisha akashusha sauti, kwa upole wa mtu anayekutoa kipande cha chakula kwenye meno. "Na unajua, mpenzi, wako watu kanisani watakaouliza. Mambo ya kuita roho. Mimi sisemi kitu. Lakini wewe ni Mkristo."

"Mama yangu alifunga kila fundo kwa jina la Yesu," nikasema. "Ulikuwa umealikwa. Ungesikia."

"Nilikuwa na nyanya za kutia makoponi."

"Arlys," akasema Mzee Gerrit, "mwache msichana ale."

"Sijamzuia kula. Kendall hakufanya ubishi wowote, sivyo Kendall?"

Saa ya ukutani iligonga. Kendall alikuwa anatazama viazi vyake kana kwamba vimeandikwa kitu.

"Kendall," nikasema, "toa mikono juu ya meza."

"Vilay, tuongee baadaye."

"Toa mikono."

Akaitoa. Nikanyoosha mkono wangu uliojaa nyuzi nikamfungua kifungo cha shati, taratibu, kama nilivyodhani nitamfungua siku moja kwa furaha nyingine kabisa. Ngozi ya kifundo chake ilikuwa tupu. Palikuwa na alama nyekundu, nyembamba, mahali Mjomba Bounthavy alipokaza kwa meno.

"Nani alikata?"

"Mama."

"Na mkono wako ulikuwa peke yake? Uliuacha hapa mezani ukaenda kukama ng'ombe?"

Mzee Gerrit alikohoa ndani ya leso. Kendall akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Vilay, ni uzi. Mimi nakupenda wewe, sipendi uzi."

"Na jana ulipolia, ulikuwa unalilia uzi?"

Akaanza kukifunga tena kifungo cha shati.

"Haya, haya," Bi Arlys akaingia kati, mkasi bado mkononi. "Msifanye jambo dogo likawa kubwa. Vilay, nikwambie ukweli kutoka moyoni. Sisi katika nyumba hii hatujawahi kukuona kuwa Mwasia. Hata siku moja. Tunamwona Vilay wetu tu."

Alilisema kama zawadi. Nadhani alikuwa amelitunza muda mrefu, akingoja siku nzuri ya kunipa. Hapo ndipo nilipojua Mungu ameamua kuuachia ulimi wangu.

"Hamjaniona?" nikasema. "Bi Arlys, ni nani alikuwa anapanga mchezo wa Krismasi pale kanisani?"

"Mimi. Unajua ni mimi."

"Na mimi nilikuwa nani?"

Akababaika. "Ulikuwa... ulikuwa Mamajusi. Ulipendeza sana na lile taji la karatasi ya dhahabu."

"Kila mwaka. Tangu naanza kutembea mpaka nimekuwa mrefu kuliko Yusufu. Nilipokuomba niwe Mariamu ulinishika kidevu ukaniambia, 'Wewe umetoka Mashariki, mpenzi, inafaa zaidi.' Bi Arlys, mimi nilizaliwa hospitali ya hapa hapa mjini. Wewe ulikuwa kitanda cha pili, umembeba huyu Kendall. Mashariki gani nimetoka? Mashariki ya reli? Mashariki ya kiwanda cha batamzinga?"

Mzee Gerrit akaweka uma chini.

"Mliniona vizuri sana," nikaendelea. "Mliniona kila Desemba. Mliniona wenzangu walipokuwa wakivuta macho yao kwa vidole kwenye basi la shule, na dereva akisema wanatania. Mnachotaka leo ni kuacha kuniona, kwa ajili ya picha."

"Hiyo si haki." Macho ya Bi Arlys yalijaa machozi, na sikufurahi kuyaona. "Baba mkwe wangu ndiye aliyewapokea wazazi wako uwanja wa ndege. Theluji inanyesha, ameshika makoti mikononi. Kanisa hili liliwapa nyumba. Baada ya yote hayo, nikikuomba kitu kidogo kama hiki..."

"Lile koti Mama analo mpaka leo," nikasema. "Tumeshukuru, Bi Arlys, na tutashukuru. Kila usiku Mama anamtaja marehemu babu kwenye sala. Lakini babu alituletea makoti. Hakutuletea mkasi."

Niliikunja ile sweta, mkono juu ya mkono, kama wanavyokunja dukani. Nikaiweka juu ya kiti changu. Kisha nikasukuma kiti mezani, kwa sababu Mama amenifundisha usiondoke kwenye meza ya mtu ukaacha kiti kimetoka.

*

Kendall alinikimbilia nje. Alinikuta nafungua mlango wa gari langu, kando ya pikapu yake. Mahindi yalikuwa yamesimama pande zote, marefu, hayana upepo.

"Utaondoka hivi hivi?"

"Nitaondoka kwa gari."

"Usinifanyie mzaha, Vilay. Tafadhali." Akanishika bega, nikajua harufu yake, sabuni na majani makavu, na mwili wangu mjinga ukataka kumwegemea. "Nilifanya kwa ajili ya amani. Unamjua Mama. Nilisema nimkubalie hili dogo, ili kwenye harusi atukubalie makubwa."

"Amani ya nani?"

"Ya wote."

"Mimi umenihesabu hapo?"

Akageuza uso akatazama mahindi.

"Sikiliza, Kendall. Simwogopi mama yako. Mama yako amesema mbele yangu, mkasi mkononi. Wewe ndiye unayenitisha. Wewe ulinyoosha mkono kimya kimya, halafu ukavaa mikono mirefu ukaja kukaa nami kanisani. Siku tukipata mtoto, na mtu akamnyooshea kitu chenye makali, utasema nini? Utasema ni kwa ajili ya amani?"

"Nifanye nini? Niambie, nitafanya."

"Sijui. Na si kazi yangu kukuambia."

Niliwasha gari. Kwenye kioo nilimwona amesimama katikati ya njia, mikono imening'inia, mitupu. Nililia mpaka kwenye reli. Reli nilipoivuka nikajifuta, kwa sababu majirani zetu hutazama dirishani.

*

Mama alikuwa jikoni anapangusa kikapu cha wali wa kunata. Aliusoma uso wangu kabla sijavua viatu.

"Mmegombana."

Nikamweleza. Nilianza na sweta na Mamajusi, nikamwambia yote niliyoyasema mezani. Kadiri nilivyosema, ndivyo Mama alivyozidi kusinyaa.

"Umemwambia Bi Arlys maneno hayo? Mezani kwake?" Akajishika shavu. "Rudi. Rudi sasa hivi mwanangu, ukaombe msamaha. Hawa watu walitutoa kwenye hema la kambi ya wakimbizi. Marehemu baba yako alisema tusije tukawafanya wajute."

"Mama, tutakuwa wageni wao mpaka lini? Mimi nimezaliwa hapa. Wewe umeosha vyombo vya kanisa lile miaka yote. Mgeni gani anaosha vyombo?"

"Mdomo huo hukuupata kwangu."

"Nimeupata kwa nani basi? Baba alikuwa haongei."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Uzi ni uzi tu, Vilay. Tutawafunga nyingine."

"Nilizikuta kwenye taka, Mama. Juu ya maganda ya viazi. Fundo la Mjomba Bounthavy lilikuwa bado limekaza. Mkasi ulipita pembeni yake."

Mama aliacha kupangusa. Aliweka kikapu mapajani, akatazama mikono yangu. Midomo yake ilikuwa inatembea, nami nilijua anaongea na nani, kwa hiyo nikanyamaza. Alipomaliza, alifungua aproni yake akaitundika.

"Huyo mpigapicha," akasema, "anafunga saa ngapi?"

*

Tuliingia ukumbini wakati familia moja inatoka. Mama alikuwa amevaa sketi yake ya hariri ya zambarau yenye pindo la dhahabu, ile ambayo majirani hawajawahi kuiona nje ya sebule yetu, na shali begani. Mimi nilikuwa na blauzi nyeupe isiyo na mikono. Nyuzi zilionekana zote.

Mpigapicha alikuwa kijana wa mji mwingine, yeye hatujui, sisi hatumjui. "Familia ya Wieringa?" akauliza. "Ndio wanaofuata, lakini wamechelewa."

"Sengdara," akasema Mama. Alilitamka jina letu polepole, kila silabi, kama anamfundisha mtu. "Sisi ni washarika hapa."

Tulikuwa bado tunatafuta mahali pa kukaa mlango ulipofunguliwa. Kendall. Peke yake, bila sweta ya bluu, mikono ya shati imekunjwa mpaka juu. Ngumi yake moja ilikuwa imefumbwa. Alikuja moja kwa moja kwa Mama, akapiga goti pale pale kwenye sakafu ya ukumbi, akaifumbua. Zile nyuzi zilikuwa zimeloa, zina madoa ya mchuzi.

"Mama," akasema, "nilikatwa nikanyamaza. Nimekosa. Nifunge tena."

Nilimwona alivyoinamisha shingo, na ile alama nyekundu mkononi, nikashika mkoba wangu kwa nguvu nisije nikamgusa.

Mama alizitazama zile nyuzi bila kuzigusa.

"Zilizokatwa hazifungwi tena," akasema. "Zinataka mpya. Na mimi sikukufunga peke yangu. Walikufunga watu wengi. Lazima wakubali kuja tena."

"Nitawaomba."

"Utawaomba nyumba kwa nyumba, na utawaambia sababu. Wewe mwenyewe. Usimseme mama yako. Useme mkono wako."

Kendall alinitazama mimi, akinisihi. Najua alitaka niseme twende wote.

"Anza na Mjomba Bounthavy," nikamwambia. "Nyumba ya kwanza ukivuka reli. Atakutukana kwanza, halafu atakulazimisha ule. Kula."

"Na wewe? Nikimaliza, utakuwa...?"

"Ukimaliza ndipo utaniuliza."

Alisimama. Alitaka kusema kitu, akaona afadhali asiseme, na kwa hilo nilimpenda zaidi kuliko siku nzima ile. Akatoka. Kupitia dirishani nikaiona pikapu yake ikirudi nyuma, ikasita pale kwenye barabara. Kushoto ni shambani kwao. Kulia ni kwetu.

Taa ya kulia ikaanza kuwaka na kuzima.

"Haya, akina mama," mpigapicha akasema, akiinamia kamera yake. "Tunaweka mikono chini, mapajani, ili..."

"Hapana," nikasema. Nikaushika mkono wa Mama, nikaunyanyua pamoja na wangu mpaka kifuani, ambapo hata kipofu angeiona ile pamba nyeupe. "Inakaa hapa."

Mama alinyoosha shingo. Sijawahi kumwona mrefu vile.

Mpigapicha alitazama kiti kitupu kando yetu. "Tunamngoja mtu mwingine?"

Nikamtazama Mama, Mama akanitazama.

"Hapana," akasema Mama, kabla yangu. "Piga. Familia imetimia."